Ufunguo wa Nyumba ya Arobaini

Wewe uliyekaa hapo ukinitazama: ukiwa na nyumba moja na watu watatu wanaoistahili, utampa nani? Usinijibu "it depends". Hilo ndilo jibu tulilofundishwa chuoni miaka minne, na ona limetufikisha wapi. Sikiliza kwanza, halafu uamue.

Palikuwa na vijana watatu katika Mtaa wa Taa Mbili, hapa Nairobi, kila mmoja na digrii yake ndani ya bahasha ya kaki, na hakuna hata mmoja mwenye kazi.

Obare alijaliwa macho ya kusoma. Alisomea Kijerumani, na kutoka Kijerumani akajikokota hadi Kiholanzi na Kiswidi kwa kamusi na ukaidi. Syombua alijaliwa mdomo, si wa kusema tu bali wa kuwafanya wengine waseme. Angekaa na jiwe saa moja, jiwe lingemweleza shida za ndoa yake. Zamzam alijaliwa mkono. Alisomea mipango miji. Mwonyeshe kiwanja kitupu, atakuchorea watu watalala wapi, watafua wapi na watoto watacheza wapi.

Taa Mbili ni nyumba thelathini na tisa za baraza la mji, chumba kimoja kimoja, tangu enzi za mkoloni. Nyuma yake kuna vibanda vya mabati, na humo ndimo walimoishi hawa watatu, wapangaji wa wapangaji. Siku moja tangazo likabandikwa: kiwanja kitauzwa, pajengwe mall. Mama Njambi, mwenyekiti wa wapangaji, akaenda kulalamika kaunti. Afisa wa nyumba hata hakuinua macho.

"Mama, serikali haiwezi kuwa landlord wa maskini. Haijafanya kazi popote duniani. Kama mnajua inapofanya kazi, leteni ushahidi. Nawapa miezi mitatu."

Alidhani amewafukuza. Hakujua amewapa assignment watu waliokaa miaka mitano bila kupewa hata interview. Wueh!

Obare akaanza. Kila asubuhi yuko maktaba, anasoma Ulaya. Akakuta kwamba jiji la Vienna, kule Austria, limejenga nyumba za kupangisha kwa karibu miaka mia moja, na leo karibu nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za jiji au za mashirika yasiyokimbilia faida. Akakuta kwamba Denmark wapangaji huchagua kamati yao na kupigia kura bajeti ya mtaa wao. Akakuta pia Uingereza, iliyowauzia wapangaji nyumba nyingi za halmashauri bila kujenga nyingine za kutosha, na sasa foleni yake ya wanaosubiri nyumba haina mkia. Kurasa mia mbili za lugha za watu akazikamua zikawa kumi na moja za Kiswahili ambacho Mama Njambi angeweza kukisoma kwa sauti mbele ya afisa yeyote. Bila Obare, Taa Mbili ingeenda kaunti na machozi tu, na machozi kule yanajulikana.

Lakini Obare aliipenda Vienna kupita kiasi. Alinakili masharti yake kama alivyoyakuta, likiwemo hili: anayeomba nyumba aonyeshe ameishi miaka miwili kwenye anwani moja, kwa jina lake.

Hapo ndipo Syombua alipoingia. Alikuwa na headset aliyobaki nayo walipomwachisha kazi ya customer care, nayo akawapigia wapangaji wasiomjua, nchi moja baada ya nyingine, kuwauliza nyumba zao zikoje. Mmoja alikuwa Frau Brigitte, mstaafu wa Vienna. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo walielewana vizuri.

"Kwenu ni pazuri, mama?"

"Pazuri sana. Miaka arobaini niko hapa. Lakini muulize Dragana, anayetusafishia ngazi. Yeye bado yuko nje."

"Nje kivipi?"

"Mwezi huu kwa dada yake, mwezi ujao kwa binamu. Anwani moja ya miaka miwili ataitoa wapi? Mwenye shida kuliko sote ndiye asiye na karatasi."

Syombua akavua headset, akaenda moja kwa moja kwa Mama Njambi kuomba risiti ya kodi. Jina lililoandikwa ni Mbote wa Kariuki, baba mkwe, aliyezikwa mwaka wa sabini na nne. Akaenda nyumba ya pili: marehemu. Ya tatu: marehemu. Mtaa mzima unalipa kodi kwa majina ya wafu, maana kila mtu anajua kwamba ukienda kubadilisha jina unarudi huna nyumba.

"Obare bana, umewaombea marehemu nyumba!"

"Lakini hiyo ndiyo best practice."

"Best practice ya nani? Hapa mwenye anwani ni yule tu aliye Lang'ata makaburini!"

Sharti likafutwa, wakaandika lao: ushahidi wa majirani wawili walio hai. Bila Syombua, afisa angeikubali ile ripoti akitabasamu, kisha akawafukuza wote kwa kalamu yao wenyewe.

Ikabaki hoja moja. Afisa alikuwa amemwambia Mama Njambi pia kwamba kiwanja ni kidogo, eti Ulaya ina nafasi.

"Ulaya ina nafasi?" Zamzam akacheka. "Huyo Amsterdam ameiona kwenye picha ya kalenda tu."

Akapima Taa Mbili kwa kamba ya kuanikia nguo, pembe hadi pembe. Akachora jengo la ghorofa nne kuzunguka ua: nyumba arobaini za vyumba viwili, kamba za nguo upande wa jua, na chini vibanda vya kina mama wa mboga. Kila kitu kikapata mahali pake isipokuwa ngazi. Akiiweka huku, gari la zimamoto halipiti. Akiiweka kule, nyumba kumi zinakosa mwanga jikoni. Palifaa mahali pamoja tu, na mamake akapaona kabla yeye hajasema.

"Zamzam, hapa si kwetu?"

"Ni kwetu, mama."

"Na sisi?"

Zamzam akashika kalamu tena. Akachora ngazi juu ya kibanda chao. Bila mchoro ule, ripoti ingebaki hadithi ya Wazungu.

Kamati ya kaunti ikawahoji siku nzima. Afisa akatafuta kosa kwenye kurasa, akakosa. Akatafuta kwenye masharti, akakosa. Akapeleka mpimaji wake kiwanjani, naye akarudi na vipimo vilevile vya kamba ya nguo. Uuzaji ukafutwa, jengo likaanza. Kibanda cha Zamzam kikabomolewa siku ya kwanza, na kwa miaka miwili yeye na mamake wakawa wageni wa watu.

Jengo limeisha. Nyumba thelathini na tisa zimeenda kwa familia za zile thelathini na tisa za zamani. Imebaki moja. Ijumaa vibanda vyote vilivyosalia vinabomolewa. Afisa ameleta ufunguo mwenyewe, na tabasamu la mtu aliyeshindwa lakini bado ana mhuri.

"Huu wapeni researchers wenu. Jina moja tu."

Watu wakakusanyika uani. Obare akafungua ripoti.

"Ukurasa wa sita. Stockholm, nyumba hupewa aliyengoja siku nyingi zaidi. Jina langu liko kwenye daftari la kaunti miaka kumi na mmoja. Nani hapa amengoja kunishinda?"

"Soma na wa nne," akasema Syombua. "Vienna wanaangalia msongamano. Kwetu tuko saba kwenye kibanda kimoja, na mtoto wa dada yangu ana pumu. Kungoja hakumzuii mtu kupumua, Obare."

Zamzam akasogea katikati ya ua.

"Ukurasa wa tisa," akasema. "Uholanzi, aliyebomolewa ili mtaa ujengwe upya hutangulizwa. Mimi nimebomolewa kwa mkono wangu."

"Pigeni kura!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Kura gani? Ya kuhesabu nani ana ukoo mkubwa?" akajibu Syombua.

Mama Njambi akaugeuza ufunguo kiganjani. "Wanangu, mlituandikia kanuni tatu nzuri. Sasa zote tatu zimenifunga mikono."

Haya. Hakuna aliyedanganya, na ripoti ni moja, ina sahihi zao wote. Usiniambie wagawane: vyumba ni viwili na roho ni kumi. Leo ni Jumatano, na mama wa watu amesimama uani na ufunguo. Ungekuwa wewe, ungeutia mkononi mwa nani, na hao wengine wawili ungewaambia nini usoni?

Na nyinyi wa kaunti, msikae kando mkisubiri tugombane. Sisi hatukutunga fumbo hili. Aliyeleta ufunguo mmoja kwa watu watatu ndiye aliyelitunga. Njooni hapa uani, bila msemaji na bila hema la wageni, mtuandikie: nyumba nyingine zitajengwa kiwanja gani, zitaanza tarehe gani, na orodha ya majina itabandikwa ukuta gani ili kila mtu aisome. Mpaka muwe mmeandika, tingatinga lisiguse bati hata moja.