Yoezeri na Ukuta wa Makaburi

Enyi watu wa Ukutani, mnaouliza kwa nini tukizika tunasimama mguu huku na mguu kule, hii ndiyo asili yetu. Enzi za mababu wa kwanza, ng'ambo ya mto Yordani, aliishi Yoezeri mwana wa Matania, mjukuu wa Hodia mchonga mawe, Yoezeri Mgongo wa Mlima, aliyebeba peke yake mtungi wa jiwe uliowashinda ng'ombe. Watu wake walishika Sabato kama Wayahudi, na Jumapili walimega mkate kama Wakristo, ila kikombeni walitia maji matupu badala ya divai, wakisema Yesu ndiye Masihi, lakini ni mtu, mwana wa Yusufu.

Ijumaa moja mama yake, Shelomiti, akafa. Ilibidi azikwe kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia hakuna kushika jembe. Yoezeri akambeba mpaka makaburini, ambako ukuta uligawa wafu wa sinagogi na wafu wa kanisa.

Mkuu wa sinagogi akatamka: "Mama yako alimwita Yesu Masihi. Mpeleke kwa wenzake."

Yoezeri akazunguka upande wa pili. Askofu akatamka: "Mama yako alishika Sabato, akanywa maji kwenye meza ya Bwana. Huo ni uzushi. Mpeleke kwa wenzake."

Akarudi. Akazunguka tena. Jua likazidi kushuka, na watu wa pande zote wakamcheka: "We Mgongo, una nguvu za punda, na akili zake pia!"

"Punda anajua zizi lake," akasema Yoezeri. "Mimi langu silijui. Lakini mama yangu halali nje."

Akamlaza chini taratibu, akaegemeza mgongo ukutani, akasukuma. Ukuta ukang'oka na msingi wake, mawe mengine yakaangukia huku, mengine kule, katikati pakabaki mtaro. Humo akamzika, jua halijazama.

Siku ya Sabato watu wa kanisa wakaja kuujenga, wa sinagogi wakafoka, "Leo habebi mtu jiwe upande wetu!" Jumapili wakaja wa sinagogi, wakafokewa vilevile. Jumatatu wakagombania jiwe lipi la nani, mpaka wakachoka, na ukuta haukusimama tena.

Yoezeri alikwenda wapi? Mimi sijui, na aliyenisimulia hakujua. Alionekana mara ya mwisho amekaa kaburini na kikombe cha maji, akitazama huku, akitazama kule. Asubuhi kilikutwa kikombe tu.

Ndiyo maana tukizika tunasimama mguu huku na mguu kule, na tunawamwagia wafu wetu maji. Na tukiulizwa sisi ni wa upande gani, tunababaika, halafu tunaonyesha pale alipolala mama.