Kibodi ya Wafadhili

Mara ya mwisho uliona aibu kuwa wewe ni lini? Usigeuke kumtazama jirani, nakuuliza wewe.

Kulikuwa na karani mmoja wa kanisa, mwanamke wa vidole viwili. Ndivyo alivyochapa: kidole hiki, kidole hiki, macho kwenye kibodi. Wafadhili wa ng'ambo wakaleta kompyuta, herufi zimepangwa kwa lugha yao. Alipozoea kuikuta A, imekaa Q. Sasa niambieni, Kiswahili utakiandikaje bila A? Hata baba humwiti.

Karani hakulia. Aliingia kwenye mipangilio ya mashine, akaiamuru ifuate mpangilio aliojifunza chuoni. Kisha akachukua kisu cha siagi, akang'oa vitufe kimoja kimoja, akavipachika upya. Vyeti vya ubatizo vikatoka, matangazo yakatoka.

Mzee wa kanisa akaona.

"Binti, zawadi ya watu umeichinja?"

"Nimeifundisha kazi, mzee."

"Wageni wanakuja Jumapili. Watasema hatuna shukrani. Irudishe ilivyokuwa."

"Walitupatia mashine, mzee. Vidole ni vyangu. Sirudishi."

Jumapili wageni wakajazana ofisini na kamera zao. Karani akaandika neno la siri. Mnajua lilivyo, zinatokea nukta tu, huoni unachoandika. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Mara ya tatu ikajifunga kabisa. Wageni wakatabasamu, lile tabasamu la kumpa mtu pole kwa kuzaliwa alikozaliwa.

Jumanne baraza likamwita. Mzee wa kanisa akamsogezea karatasi. "Umeharibu mali ya kanisa. Tia saini uombe radhi, ama kazi iishe leo."

Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Akaiweka kibodi mezani.

"Tazameni. Ndani, mashine bado inafuata mpangilio wangu. Juu, vitufe vimerudishwa kwenye mpangilio wa wageni. Ninabonyeza A, inaandika Q. Mimi nilivihamisha mchana, mlango wazi. Aliyevirudisha hakuniaga. Sitii saini."

Ndugu zangu, sisi tumekaa wapi katika chumba kile? Msikimbilie kiti cha karani, kina mtu tayari. Sisi ndio tunaobandika sura ya wageni juu ya kazi yetu wenyewe, na ikikwama tunamtafuta mnyonge wa kutia saini. Nani alitudanganya kwamba kushukuru ni kufanana na aliyekupa? Mungu alipokuumba alikuwa na akili zake timamu. Acha kumsahihisha.

Turudi barazani. Karani hakuketi, wala hakuichukua kalamu. Wajumbe wakaanza kutazamana mmoja mmoja, mpaka macho yakabaki bila pa kwenda. Ndipo mzee wa kanisa alipoivuta ile karatasi upande wake.

"Ni mimi niliyevirudisha," akasema. "Jumamosi, kwa kisu changu. Nilitaka wakija watuone tunafanana nao."