Kibao Kimoja, Majina Matatu

Sogeeni. Wa nyuma asisinzie, maana hadithi hii si ya kulalia. Mwisho wake nitawadai jibu, na asiye na jibu hanywi chai yangu. Yote ni kweli tupu. Palipo na chumvi ni kidogo, ya kuonjea tu.

Katika mji wetu wa Namalombe, kule kusini kwenye mikorosho, walikuwepo watu watatu. Bi Somoe alikuwa na mabati. Fundi Nalinga alikuwa na mikono. Issa Likoko, muuza kahawa, alikuwa na mdomo. Nami nilikuwepo, mwandika vibao wa mji mzima. Shule niliachia darasa la tano, lakini herufi zangu hata walimu husimama kuzitazama. Kibao cha kinyozi, changu. Cha mashine ya kusaga, changu. Muulize yeyote.

Mji huo ulikuwa na Banda la Ngoma. Halikuwa la serikali wala la tajiri. Humo akina mama walicheza ngoma, wachongaji walichonga, vijana waliigiza michezo ya kuwasuta walevi, na mimi ndimo nilimoshikia brashi mara ya kwanza. Kuingia bure, kujifunza bure. Kiwanja tu kilikuwa cha mwenyewe, Bwana Mtalika, mnunuzi wa korosho, ambaye alikuwa ametuazima tangu zamani.

Mwaka mmoja upepo ukaja ukaling'oa paa lote, ukalitupa bondeni. Bwana Mtalika akaja, akatazama juu, akaona mawingu.

"Jamani, hili sasa ni zizi," akasema. "Nawapa mpaka siku ya kufungua msimu wa korosho. Mkiliezeka na ngoma ikalia chini ya paa, nasaini, kiwanja chenu maisha. Mkishindwa, naezeka mwenyewe na naweka magunia yangu."

Tukashuka bondeni kulitazama lile paa la zamani. Halikufaa tena.

Bi Somoe alikuwa mjane asiye na mtoto, nyumba yake ya nyasi. Miaka minane alikuwa ananunua mabati, kila msimu matatu, akiyaegemeza ukutani chumbani kwake. Alilala nayo chumba kimoja kama mume. Yalipofika ishirini na manne, yaani mwaka ule ule wa upepo, akatoka mlangoni akaita: "Njooni myachukue upesi, kabla sijabadili moyo!"

Jirani yake akashika kichwa. "Weye Somoe, na nyumba yako?"

"Nyumba yangu imezoea nyasi. Hilo banda ndimo nilimochezewa ngoma siku ya harusi yangu. Chukueni, nasema!"

Fundi Nalinga alikuwa ameitwa Mtwara kumjengea mfanyabiashara mmoja ghorofa, kazi ya mwaka mzima. Begi lilikuwa begani. Akapita bandani kuaga, akayaona mabati yamelala chini. Akaliweka begi.

"Nawapa wiki moja," akasema, "kisha naondoka."

Wiki moja ikawa sita. Akatafuta mbao, akaunga kenchi za kubeba paa, na habari ikaja kwamba yule wa Mtwara kachukua fundi mwingine. Nalinga akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba, akaendelea kupima. Kisha akakwama. "Mabati yapo, mbao zipo. Nipigilie kwa mate?"

Misumari ilikuwa haipo.

Hapo ndipo Issa Likoko alipoweka birika chini katikati ya soko. Mtu huyu hakuwa na bati, hakuwa na ufundi, na hakuna aliyejua kama suruali ile ilikuwa yake. Akapaza sauti: "Leo kahawa haiuzwi kwa pesa! Msumari mmoja, kikombe kimoja! Uliopinda, ulionyooka, wenye kutu, lete!"

Mji ukapagawa. Watu waling'oa misumari milangoni, vitandani, mabandani mwa kuku. Kuku wakazurura wiki nzima. Mzee mmoja alikunywa vikombe kumi na vitatu akawa anatetemeka kama mashine ya kusaga, kumbe kamaliza misumari ya kiti cha mkewe. Na kibao changu cha kinyozi kilianguka juu ya mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kuchunguza, misumari yake minne imekwishanywewa.

Likoko akagawa kahawa mpaka gunia likaisha, na sukari, na tangawizi. Mtaji wote ukaenda. Mkewe akahamia kwa dada yake, akaacha salamu: "Mwambieni atakapoanza kuuza kahawa kwa pesa, nitarudi."

Fundi Nalinga akainyoosha misumari ile mmoja mmoja juu ya jiwe. Haikuwa ya bati, vichwa vyake vidogo. Basi akaokota visoda vya chupa, akavitoboa, akaupa kila msumari kofia yake, ili bati lisichanike. Siku ya mwisho akateleza kutoka juu. Mpaka leo anachechemea. Lakini paa lilikaa.

Siku ya kufungua msimu ikafika, asubuhi. Ngoma zikawekwa kuuzunguka moto ngozi zikaze. Bi Esha, kiongozi wa wachezaji, akazigonga kwa kidole, akasema, "Zimeiva." Bwana Mtalika akaja na karatasi yake na kalamu. Nami nilisimama na kibao changu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika: NYUMBA YA NGOMA YA... na nafasi wazi.

"Paa nimeliona," akasema Mtalika. "Sasa nipeni jina. Moja. Ndilo litakalokaa kwenye karatasi na kwenye kibao. Na mila mnaijua: mwenye jina ndiye mwenye pigo la kwanza, na ngozi ikipasuka au ukuta ukiinama, ndiye tunayemfuata."

Hilo la jina hakulisema mapema, mjanja yule!

"Andika watatu wote," akasema Bi Esha.

"Hii si kadi ya harusi, mama."

"Basi andika mji."

"Mji mzima nikiuita, nani ataitika? Ngoma zikipoa, naondoka. Lori la magunia linanisubiri pale."

Bi Somoe akasogea mbele. "Mimi sina mtoto. Nikifa, nani atalitaja jina langu? Leo asubuhi nimeamka na beseni la maji ya mvua miguuni, na mabati yangu yanawakinga nyinyi. Hakuna mabati, hakuna paa."

"Shikamoo, Bi mkubwa, nakuheshimu," akasema Fundi Nalinga. "Lakini mabati yako yalikaa chumbani miaka minane hayakuwa paa. Mimi nimejengea watu nyumba thelathini, hakuna iliyotajwa kwa jina langu. Kazi ya Mtwara imekwenda, mguu umekwenda. Hata hii nayo iwe ya mwingine?"

Likoko akainua birika lake tupu, alilokuwa bado analibeba kwa mazoea. "Fundi, ulikaa juu ya kenchi unatazama mbingu kama kunguru. Nani alikuletea misumari? Wengine mlitoa mlicho nacho. Mimi niliufanya mji mzima utoe ulicho nacho, na hiyo ni kazi ngumu zaidi! Jina langu likiwa pale juu nitakopeshwa kahawa, nitauza kwa pesa, na mke wangu atarudi."

"Misumari ilikuwa yetu!" akapaza sauti yule mzee wa vikombe kumi na vitatu.

"Na kahawa uliyokunywa ilikuwa ya nani, babu?"

Watu wakacheka. Bi Esha akagonga tena ngoma kwa kidole. Mlio ulikuwa umeshuka.

"Zinalegea," akasema.

Bwana Mtalika akaanza kuifunika kalamu. Watu wote, mji mzima, wakanigeukia mimi, kwa kuwa brashi ilikuwa mkononi mwangu na rangi ilikuwa ikidondokea kiatu changu. Mimi ambaye misumari minne ya kibao changu iko juu ya paa lile, ingawa hilo sikulisema. Nina adabu zangu.

Nafasi ilitosha jina moja. Rangi ilitosha jina moja.

Haya, wewe uliyekaa karibu, na wewe wa nyuma uliyejifanya umelala. Shika brashi. Ngoma zinapoa, lori linanguruma. Somoe, Nalinga au Likoko: wewe ungeandika nani?