Ganda Lililokunywa Sumu

Ganda lililokunywa sumu halirudi zizini. Jana mlimsikia shangazi yenu akiitamka methali hiyo alipomkatiza mwenzenu Koku, aliyekuwa akirudia mezani maneno ya ugomvi uliokwisha kusuluhishwa. Leo mnaniuliza imetoka wapi. Si methali ya mababu, wajukuu zangu. Umri wake ni mdogo kuliko wangu, nami nilikuwapo ilipozaliwa. Ilianza hivi.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika kijiji cha Rwabitoke, mwaka wa tatu tangu nitoke chuoni. Kijiji kizima kilitegemea chemchemi moja, chini ya kilima chenye mashimo ya wachimbaji waliokwisha kuondoka. Maji yake yalikuwa maangavu na baridi, na hakuna aliyeyashuku.

Kisha Kemilembe, msichana wa darasa la kwanza, akaanza kufifia. Alikuwa mjukuu wa Ma Kokubera, mjane aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Tumbo lilimsokota, uso ukapauka, na herufi alizokuwa akizisoma kwa kuimba zikaanza kumtoka moja moja. Hospitalini walipima damu yake wakakuta madini ya risasi. Maji ya chemchemi yalipopimwa, yakakutwa na madini hayo hayo.

“Mtoto huyu akiendelea kunywa maji haya, tutampoteza,” daktari alimwambia Ma Kokubera. “Mpe maji mengine, chakula kizuri, na maziwa kila siku.”

Maziwa yalikuwapo, kwa kuwa Ma Kokubera alifuga mbuzi mmoja wa maziwa. Lakini maji mengine yalikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na goti lake lilikuwa bovu.

Hapo nikakumbuka jambo tulilolijaribu katika maabara ya chuo. Ganda la ndizi, likikaushwa na kusagwa, hunasa madini ya risasi yaliyoyeyuka majini na kuyashikilia. Nasi maganda hatukuyanunua. Kila jiko la Rwabitoke lilimenya ndizi asubuhi na jioni. Nilijaribu vipimo kadhaa, nikapeleka maji mjini mara tatu, mpaka nikapewa jibu kwamba sasa yanafaa kunywewa. Ndipo nikawaita wazazi na kuandika hatua tano ubaoni: kausha maganda juani, twanga na uchekeche, koroga unga katika ndoo ya maji kwa muda wa saa nzima, acha yatuame, kisha chuja kwa kitambaa kizito. Mwandiko ulikuwa mzuri na mistari ilinyooka. Nilijivunia ubao ule.

Ma Kokubera alikuwa wa kwanza kuanza, na hakuruka hatua hata moja. Baada ya wiki sita Kemilembe alirudi darasani akiimba herufi zake, na bibi yake akaniletea mkungu wa ndizi ambao nusura univunje mgongo.

Furaha ile haikudumu. Mwezi wa tatu tumbo la mtoto lilianza kusokota tena. Nilichukua maji yake nikayapeleka mjini, yakarudi na jibu lile lile: ni salama. Alasiri moja nilimpelekea Ma Kokubera karatasi ya majibu, nikamkuta mlangoni, Kemilembe amelala mapajani pake.

“Shikamoo, Ma. Maji hayana neno. Sijui kosa liko wapi.”

“Marahaba, mwalimu. Ninyi wa chuoni mnaweza kupima hata kivuli,” alisema kwa uchovu, “lakini mtoto wangu anaumwa na karatasi yako haiumwi. Hebu mshike, nimlishe mbuzi. Naye siku hizi hana raha.”

Nilimpokea mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Kule zizini mbuzi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, akisaga meno ilhali kinywani hamna kitu. Ma Kokubera alichota unga wa kijivu wenye majimaji kutoka kwenye kapu, akaunyunyizia chumvi.

“Ma, unampa nini?”

“Si maganda yetu yale? Yanayobaki kitambaani nikichuja. Nimemtilia chumvi maana ameanza kuchagua, kama mke wa mkubwa.”

“Tangu lini unampa?”

“Tangu uliponifundisha. Kwani ulitaka niyatupe? Ganda ni la mbuzi, mwalimu. Hata mtoto anayetambaa analijua hilo.”

Nilimkumbatia Kemilembe.

“Na maziwa, Ma?”

“Yote ya huyo hapo. Mimi sionji hata tone.”

“Sumu haikufa, Ma,” nilisema. “Ilihama tu. Ilitoka majini ikaingia katika ganda.”

Hakuningoja nimalize. Kapu lilimwanguka. Alitazama unga uliomwagika, akamtazama mbuzi, kisha mtoto mikononi mwangu.

“Kwa mkono wangu,” alisema polepole. “Nikimpapasa kichwa huku anakunywa. Nikimwambia, maliza, mama, maliza upone.”

“La, Ma. Ubao ule niliuandika mimi. Nilifundisha namna ya kuitoa sumu, sikufundisha pa kuiweka. Kosa ni langu, na nitalisema mbele ya wote.”

Alinyoosha mikono. “Nipe mtoto wangu,” akasema. Baadaye kidogo akaongeza, “Nawe keti.”

Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba nikikiri kosa langu na kuwaomba watu wasiilishe mifugo maganda yale, wala wasiyarudishe migombani. Walionitukana walikuwa na haki. Kesho yake tulianza kuchimba shimo, mbali na chemchemi na mbali na mashamba. Tukalisakafia kwa saruji na kuliwekea mfuniko. Mbuzi hakupona. Tulimzika bila mtu kuonja nyama yake. Kemilembe alirudi hospitalini, akapewa dawa, na jirani akajitolea maziwa kutoka kwa ng'ombe wake. Alipona polepole, kama mgomba uliopigwa na mvua ya mawe: jani moja, kisha jingine.

Asubuhi moja nilimsindikiza Ma Kokubera shimoni. Alijikongoja na goti lake, kapu la maganda yaliyochuja maji kichwani, na Kemilembe akimshika upindo wa kanga. Njiani tukakutana na Ta Ishengoma, mzee mcheshi aliyekuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka safari ndefu.

“Ma Kokubera! Nimeambiwa siku hizi mnayafanyia maganda mazishi. Matanga mmekaa siku ngapi? Lete hapa, mbuzi wangu wana njaa.”

Nilifungua kinywa nieleze, lakini Ma Kokubera alinitangulia. Hakucheka, wala hakukasirika. Alitua kapu, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

“Haya yamekunywa kile ambacho angekunywa mjukuu wangu,” alisema. “Yamemaliza kazi yao, Ta Ishengoma. Yaache yakapumzike. Ganda lililokunywa sumu halirudi zizini.”