Kushoto Kulipogeuka Kulia

Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Waliosema hivyo hawakuwa wakisifu kujikwaa. Kujikwaa kunauma, na kidole kilichogonga jiwe hakiponi kwa methali. Walichokusudia ni kwamba mtu anayejikwaa yumo safarini, na pale anapoyumba ana hiari mbili: aketi chini akililie kidole chake, au aligeukie jiwe, alijue, kisha apige hatua nyingine macho yakiwa wazi. Yaliyomfika Tusajigwe wa Bujonde yanatosha kuwa ushahidi.

Tusajigwe alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu kama magome. Wengi walimwita Mama Lucy, kwa jina la binti yake wa pekee. Marehemu mumewe, Wilson, alikuwa dereva wa mitambo kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. Kambi ilipofungwa alinunua mnadani katapila dogo lililokwisha kuchakaa, trekta linalotambaa kwa minyororo badala ya magurudumu, lenye bamba zito la chuma mbele la kusukumia udongo. Kabla hajafariki alimfundisha mkewe kuliendesha. Watu walidhani lingeota kutu baada ya mazishi. Walikosea. Kwa miaka ishirini Tusajigwe alisawazisha majaruba ya mpunga kwa katapila lile, katika bonde la Kyela, kuanzia kijiji cha Bujonde hadi Ngonga, na mashine ilimtii kama ng'ombe wa maksai anavyomtii aliyemlea.

Kisha mto uliopita bondeni ukavunja kingo zake. Maji yalipopungua, majaruba yake yalikuwa yamefunikwa na mchanga mweupe uliofika magotini. Ardhi pekee iliyombakia ilikuwa shamba la mumewe upande wa mashariki, kwenye miguu ya milima, ambako yeye na Lucy walihamia na kupanda kakao na migomba. Lilikuwa shamba zuri lenye kasoro moja kubwa. Kila masika maji yalishuka kilimani kwa kasi, yakang'oa miche, yakabeba tope mpaka kwenye nyumba saba zilizokuwa chini na kuichafua chemchemi iliyowanywesha wote. Msimu uliopita ukuta wa jiko la jirani yake, Nancy, ulianguka, na watoto wake wawili wakaugua tumbo kwa wiki nzima.

"Nitachimba makinga-maji matatu, mifereji ya kukata kilima," Tusajigwe alitangaza mwezi Oktoba. "Kabla ya masika yatakuwa tayari."

"Mama, hujawahi kuendesha mlimani," Lucy alimwambia, akiinua uso kutoka kwenye cherehani yake. "Subiri basi tumwite mtu atusaidie kuangalia."

"Miaka ishirini, Lucy! Unataka nishikwe mkono kama mtoto anayeanza kutembea?"

Asubuhi iliyofuata alipanda peke yake. Mvua ndogo isiyo ya msimu ilikuwa imenyesha usiku, na nyasi ziling'aa. Kupanda hakukuwa na taabu. Katapila lilinguruma, likatoa moshi mweusi, likafika juu. Tusajigwe aliliangalia ziwa lililotandaa kule chini, bluu mpaka lilikoungana na mbingu, akajiona kijana tena. Kisha akaligeuza katapila kuelekea chini aanze kushuka.

Upande wake wa kulia palikuwa na korongo. Mashine ilipoanza kulisogelea, alifanya alichokifanya maelfu ya mara bondeni: alivuta mkono wa kushoto, ule wa chuma wa kugeuzia mashine, ili igeuke kushoto. Haikugeuka kushoto. Iligeuka kulia, moja kwa moja kuelekea korongo.

Alivuta kwa nguvu zaidi. Ikazidi kwenda kulia. Minyororo, ambayo meno yake yalikuwa yamelika mpaka kuwa laini, iliteleza juu ya nyasi mbichi, na mashine ikaanza kulala ubavu kama mtumbwi uliojaa maji. Tusajigwe alijikaza kitini. Hakujua la kufanya, basi akafanya jambo moja tu lililobaki: aliachia mkono ule na kulishusha bamba lote ardhini. Chuma kilikwaruza, kikachimba, kikashika. Katapila likasimama, mnyororo wa kulia ukining'inia hewani juu ya korongo.

Lakini bamba lilikuwa limeng'oa jiwe kubwa kama chungu cha kupikia pombe. Jiwe likaporomoka. Kule chini, kwenye chemchemi, Nancy alikuwa ameinama akichota maji. Alisikia mtikisiko, akaruka pembeni. Jiwe likapita palepale alipokuwa amesimama na kuipondaponda ndoo yake.

Tusajigwe aliteremka, kiganja kimechubuka. Alipofika chemchemini alimkuta Nancy ameketi kwenye tope, ameshika kipande cha ndoo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Sikukuona."

Nancy alikiweka kipande kile magotini. "Mama, nina watoto wawili," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Tusajigwe kuliko kelele zozote. Jioni ile shemeji yake, Ezra, mdogo wa Wilson, alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walikuwa wameliona katapila linavyoning'inia.

"Shemeji, Mungu amekuonya," alisema Ezra. "Uzee una adabu zake. Tulivute pale kwa kamba, liuzwe chuma chakavu. Kesho likikuua, tutawaambia nini watu?"

Hata Lucy hakumtetea. "Mama, baba mdogo amesema kweli," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Mimi sina mzazi mwingine."

Tusajigwe aliingia chumbani. Siku mbili hakutoka nje, na siku ya tatu alikuwa karibu kukubali. Lakini jambo moja lilikuwa likimkera kama mwiba wa samaki kooni. Alivuta kushoto, mashine ikaenda kulia. Kwa nini? Kama hakulijua jibu, basi kwa miaka ishirini alikuwa akiendesha kitu asichokifahamu. Na kuuza kitu kabla hujajua kosa lilikuwa lake au lako, aliona, ni kukimbia. Alivaa kitenge safi, akapanda gari la asubuhi kwenda Kyela mjini.

Fundi Mansuri alikuwa na karakana nyuma ya maduka, jirani na msikiti. Alikuwa mzee wa rika lake. Babu yake alihamia hapo kutoka pwani na kufungua duka la vipuri. Fundi mwenyewe alikuwa amemtengenezea Wilson injini ya katapila zaidi ya mara kumi. Alimsikiliza Tusajigwe mpaka mwisho bila kumkatiza, akifuta mikono kwa tambara la mafuta.

"Mashine haikukuasi, Mama Lucy," alisema. "Ilikutii."

"Inanitii vipi nayo ilitaka kuniua?"

Mansuri aliokota ekseli ndogo yenye magurudumu mawili, akaiweka juu ya ubao alioinamisha. "Tazama. Kwenye tambarare injini ndiyo inayovuta. Ukivuta mkono wa kushoto, unaunyima mnyororo wa kushoto nguvu. Wa kulia unaendelea kusukuma, mashine inageuka kushoto. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Kwenye mteremko injini haivuti, inazuia. Uzito wa mashine ndio unaosukuma. Sasa ukiuachia mnyororo wa kushoto, umeufungua. Unakimbia kuliko mwenzake." Aliachia gurudumu la kushoto, ekseli ikazunguka kulia na kuanguka sakafuni. "Ukitaka kugeuka unaposhuka, vuta mkono na ukanyage breki ya upande huohuo kwa pamoja. Bora zaidi, usigeuke kabisa. Shuka umenyooka, gia ndogo, uiweke kabla hujaanza, wala usiibadilishe katikati."

Tusajigwe aliitazama ekseli iliyolala sakafuni. "Wilson hakuniambia."

"Wilson alikufundisha bondeni. Na mimi pia sikukuambia, kwa sababu hukuuliza." Fundi alivuta kigoda akaketi. "Nikuulize mimi sasa, na usione haya. Macho yako vipi?"

"Nayaona ya mbali vizuri."

"Mama Lucy."

Alishusha pumzi. "Jua likinipiga usoni, sioni kitu. Na sikio la kushoto limepungua."

"Basi hilo nalo ni sehemu ya mashine," alisema Mansuri. "Nitakuja kuitengeneza. Lakini sitafunga hata nati moja mpaka nione miwani usoni kwako."

"Ndaga fijo, asante sana, fundi," alisema Tusajigwe. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alicheka kidogo.

Alirudi na miwani. Ezra alinuna, wazee wakatikisa vichwa, ila Lucy aliposikia habari ya ekseli aliacha cherehani yake, akauliza, "Kwa hiyo mimi nifanye nini?" Swali hilo lilimpa mama yake nguvu kuliko chakula.

Mansuri alikuja na mabomba mazito. Aliliondoa katapila korongoni kwa kamba ya chuma ya winchi, akalichomelea meno mapya ya minyororo, akajenga juu ya kiti kingio la chuma ambalo lingemlinda dereva kama mashine ingebinuka, kisha akafunga mkanda. "Kingio bila mkanda ni mtego," alionya. "Litakutupa nje kisha likulalie." Tusajigwe naye alitembea kilima chote kwa miguu, jembe begani, akipima kila shimo na kila jiwe, akichomeka vigingi palipokuwa na hatari. Alikwenda nyumba saba moja baada ya nyingine kuomba kwamba, kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, mtu asifike chemchemini. Kwa Nancy alibisha hodi mwisho, akiwa na ndoo mpya mkononi.

"Ukiniambia nisipande, sitapanda," alimwambia.

Nancy aliipokea ndoo. "Utachimba kweli, mama? Maana tope likija tena, jiko langu jipya litakwenda."

"Nitachimba. Polepole."

"Basi panda."

Wiki nzima hakuchimba chochote. Alifanya mazoezi kwenye mwinuko mdogo, akishuka na kupanda, mkono na breki, mpaka viganja vilivyozoea tambarare vikajifunza lugha mpya. Kisha akaanza kazi yenyewe, kwa saa mbili tu kila asubuhi, udongo ukiwa mkavu. Lucy alisimama upande wa sikio zima, mahali anapoonekana, ameshika kitambaa chekundu. Kikipanda, mashine inasimama bila maswali. Tusajigwe hakuendesha mashine ikiwa imelalia ubavu wa kilima. Alianzia palipo na mwinuko mdogo, akasawazisha hatua chache, akasimama juu ya tambarare aliyoikata mwenyewe, ndipo akaongeza nyingine. Mgongo ulimuuma, magoti yalilalamika. Hakuongeza dakika, wala hakuruka siku.

Kinga-maji la kwanza likakamilika, kisha la pili. La tatu lilibakiza hatua thelathini wakati mawingu mazito yalipojikusanya juu ya ziwa na manyunyu yakaanza. Ezra, aliyekuwa akija kila siku kutazama bila kusema, alipaza sauti: "Shemeji, malizia sasa! Dakika ishirini tu! Mvua kubwa ikija kabla hujamaliza, maji yote yatapita hapo!"

Ilikuwa kweli, na Tusajigwe alijua. Aliziangalia hatua zile thelathini, akaziangalia nyasi zilizoanza kung'aa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye gia. Akashusha bamba ardhini, akazima injini, akafungua mkanda na kuteremka taratibu, uso ukiwa umeelekea mashine.

"Udongo umelowa," alisema. "Katapila limemaliza kazi yake. Leteni majembe."

Alichukua la kwanza mwenyewe. Lucy akachukua la pili. Nancy alipanda kutoka chini na lake begani, na nyuma yake wakaja watu wa zile nyumba nyingine. Ezra alisimama akinyeshewa, akimtazama kikongwe aliyemwambia uzee una adabu zake akichimba, kisha akavua koti lake na kuingia mferejini. Kufikia mchana hatua thelathini zilikuwa zimefunguka.

Mvua kubwa ilifika alasiri. Walisimama chini ya paa la jiko la Nancy, wamelowa, wakitazama juu. Maji yalishuka kwa kishindo, yakalifikia kinga-maji la kwanza, yakasita, yakageuka kufuata mfereji. Yaliyofurika yakadakwa na la pili, na yaliyobaki yakapotelea kwenye la tatu, yakitiririka kwa utulivu kuelekea korongoni. Hakuna mche ulioondoka. Mvua ilipokatika Nancy alitelemka chemchemini, akachota, akarudi na maji yaliyoonyesha sakafu ya ndoo.

Ezra aliinama akanywa kwa kiganja. "Shemeji," alisema bila kuinua macho, "shamba langu nalo lina mteremko."

"Kwanza tutalitembea kwa miguu," Tusajigwe alijibu, akifuta miwani kwa ncha ya kitenge.

Kama angeketi kando ya korongo akililia kiganja chake, kilima kingemshinda na majirani wangelia naye. Alirudi akalisoma jiwe lililomkwaza, na ndilo lililomwonyesha njia. Kweli, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.