Kisu cha Kwato na Kikonyo cha Mwisho

Pasipopenya mwanga ndipo pachipuapo. Ukiisikia methali hii mara ya kwanza unaona kabisa imekaa kinyume. Mmea gani unachipua bila mwanga? Na sisi tuliuliza hivyohivyo. Kumbe mwanzo wake ni kisu! Tena kisu chenyewe mimi nimekishika kwa mkono wangu huu.

Tulikuwa kitaluni kwa Bibi Zuhura, kule Kwembago, upande wa Muheza, tunamjazia udongo kwenye viriba vya miche ya michungwa. Mimi na binamu yangu Mishi hatusemeshani. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu akilia kwa maumivu ya jino, halafu nikaituma hiyo video kwenye grupu la ukoo. Watu walicheka siku mbili. Bibi akaniamuru niombe radhi.

Nikasema, "Haya Mishi, samahani basi kama ulikasirika."

Bibi hata hakuinua kichwa. "Hapo mwanga unapita," akasema. "Pasipopenya mwanga ndipo pachipuapo, mjukuu wangu."

"Ndiyo nini hiyo, Bibi?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa kisu cha kukunja. Mpini wa mpingo, mweusi, umelainika kwa vidole vya watu waliokwisha kufa. Akakifungua: tak! Jamani, ule mlio! Lakini bapa lenyewe lilinishangaza. Halikuwa na ncha. Makali yamenyooka toka mwanzo hadi mwisho kama rula, halafu mgongo wa kisu unainama mbele kwenda kuyakuta, kama kwato ya mbuzi.

"Mbona kama kimevunjika?" nikauliza.

"Hata Fundi Semhando aliuliza hivyo," Bibi akasema, akaanza kusimulia.

Zamani hapahapa Kwembago alikuwepo mjane mmoja, Bi Mwantumu. Marehemu mumewe, Mzee Sempombe, alikuwa ameukuta mchungwa umejiotea wenyewe bondeni, akautunza. Machungwa yake yalikuwa na utamu ambao watu walikosa pa kuufananisha. Ukimenya moja barazani, mpita njia anasimama. Na ulikuwa mmoja tu. Mbegu zake zikipandwa zilitoa michungwa ya kawaida, ile ile ya kila mtu.

Mwaka mmoja mti ule ukaugua. Gome likapasuka, gundi ikachuruzika, matawi yakakauka moja baada ya jingine. Likabaki tawi moja bichi, lenye vijiti vitatu. Dawa ilikuwa moja tu: kubebesha. Yaani ukate kijiti, kile kikonyo, ukiunganishe kwenye mche wa mlimao, vishikane viwe mti mmoja. Vikonyo vitatu. Vikifa vyote, chungwa lile limekwisha duniani.

Bi Mwantumu akamwita Fundi Semhando. Huyo bwana alikuwa anapenda visu mpaka watu wanamtania kwamba mkewe ni wa nane, saba ni visu. Alivivaa kiunoni kwenye mkanda, na alichokipenda zaidi kilikuwa kimejikunja kama pembe, kina ncha kali, kinameta hadi unafumba macho. Akakata kikonyo cha kwanza, akakata na mlimao, mshazari kwa mshazari, akavibandika pamoja.

Bi Mwantumu akainama kutazama. "Fundi, mbona naona mwanga hapo katikati?"

"Kamba itabana, mama."

"Ni kauzi kembamba, lakini nakaona."

"Nimesema kamba itabana. Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

Akafunga kwa kamba ya mgomba, akakaza mpaka meno yakamtoka. Kikonyo cha pili nacho akakifanya vilevile. Siku ya ishirini wakafungua. Vyote viwili vilikuwa vikavu kama njiti za kiberiti. Pale katikati, palipokuwa na uzi wa mwanga, palikuwa na shimo jeusi lenye ukungu.

Wakaenda bondeni. Tawi la mwisho majani yalikuwa yameanza kuwa njano.

"Kesho halipo hili," Fundi akasema. Safari hii hakusema kwa majivuno.

Bi Mwantumu akaingia ndani, akatoka na kisu cha marehemu. Hiki hiki. Fundi alipokiona kikifunguliwa, akacheka bila kutaka. "Mama, kimevunjika ncha hiki! Si cha kukatia tumbaku?"

"Hakijavunjika. Ndivyo kilivyo. Mzee Sempombe alikiita kwato. Lete kisu chako hapa."

Akatoa kioo chake cha kujitazamia, akakilaza juani kwenye kigoda. Akamwambia Fundi asimamishe makali ya kisu chake juu ya kioo. Kikagusa kati tu. Huku na huku mwanga ukapita, na ukikisukuma kidogo kinabembea.

Kisha akasimamisha kwato.

Fundi akainama. Akainama zaidi, mpaka shavu likagusa kigoda. Akakitazama kutoka kulia, akazunguka akakitazama kutoka kushoto. Toka mpini hadi mwisho, makali na kioo vilikuwa kitu kimoja. Hakuna mwanga. Hata wa unywele.

"Mama," akasema polepole, "miaka kumi na minane nakata miti. Nilikuwa nakwangua mashimo."

"Kata basi."

"Kikiharibika?"

"Kimebaki kimoja, Fundi. Nikisema usikate, kitapona?"

Akafungua mkanda wake wenye visu saba, akauweka chini. Akashika kwato. Akavuta mara moja, mvuto mmoja mrefu, bila kurudia. Uso wa kikonyo ukatoka umenyooka, unang'aa kama jino lililolowa. Akakata mlimao, mvuto mmoja. Akavikutanisha, akapiga magoti jua likiwa mbele yake, akatazama.

Akasogea, akampisha Bi Mwantumu naye apige magoti. Mjane akatazama, akatazama, halafu akaweka kiganja mdomoni. Huwezi kujua mlimao unaishia wapi na mchungwa unaanzia wapi. Jua lote lile la saa nne, na halikupata pa kupita.

Fundi akafunga kamba taratibu, bila kukaza. Hapakuwa na kitu cha kulazimisha.

Siku ya kumi na tisa jicho la kikonyo likavimba. Siku ya ishirini na moja likatoa jani, dogo kama ukucha wa mtoto. Bondeni mti wa zamani ulikuwa umekwisha kukauka wote. Fundi Semhando akachuchumaa mbele ya lile jani kama mtu aliyeingia msikitini, akasema, "Pasipopenya mwanga ndipo pachipuapo." Ndiyo ikawa methali.

Hapo hadithi ya Bibi ikaisha. Mche uliokuwa mapajani mwake ulikuwa mlimao, na pembeni, kwenye kitambaa kibichi, palikuwa na kikonyo. "Cha ukoo ule ule," akasema. Akakata kwa kwato mara moja, na mara moja tena, akavikutanisha. Nikawasha tochi ya simu nyuma yake, nikachungulia. Mwili ulinisisimka! Giza tupu. Nilitaka nirekodi, nikakumbuka nilivyomrekodi Mishi. Nikashusha simu.

"Fundi alidhani kamba itaziba," Bibi akasema, akiufunga mche wake. "Na wewe unadhani 'basi' na 'kama' zitaziba."

Nikamgeukia Mishi. "Nilikurekodi ukiwa unaumwa, nikawafanya watu wakucheke. Nilikosea. Nisamehe."

Mishi akanitazama muda mrefu, kama anachungulia kitu juani.

"Na uifute," akasema.

"Nimeshaifuta. Na nitawaambia kwenye grupu kwamba nilikosea."

"Haya, lete udongo, viriba havijai vyenyewe." Akanisogezea koleo, akakaa karibu yangu.

Bibi akakunja kisu, tak, akakirudisha kwenye pindo la kanga. Akatutazama tulivyokaa bega kwa bega, akacheka kidogo.

"Mnaona? Pasipopenya mwanga ndipo pachipuapo."