Droo Iliyogusa Goti

Mtu mmoja alikuwa na duka la picha, lakini duka hilo lilikuwa la kaka yake. Kaka huyo, Lusajo, ndiye aliyewatengenezea watu wa mji wao wa milimani picha za misiba. Aliyefiwa alimletea kipicha kikuukuu cha marehemu, naye alikaa mbele ya kompyuta akakisafisha na kukikuza, ipatikane sura ya kutangulia mbele ya jeneza. Lusajo alipokufa, picha yake aliitengeneza mkewe, Subilaga. Kisha mdogo wa marehemu, Ambakisye, akashika duka, akamwambia shemeji yake abaki pale afanye kazi, apate kulea watoto.

Desturi ya kwao ni kwamba vitu vya marehemu havitumiwi wala havitupwi mpaka ukoo ukae uvigawe, na watoto ndio hutangulia kupewa. Ambakisye aliijua desturi hiyo kuliko alivyozijua sala zake. Hata hivyo, kabla wazee hawajafika, alikusanya saa ya Lusajo, miwani yake, kamera yake, hata kile kipanya cha kompyuta kisicho na waya ambacho marehemu alikishika kila siku ya kazi, akavisukumia vyote ndani ya droo ya meza na kutia kufuli. Wazee walipouliza, alisema vitu vidogovidogo vilipotelea hospitalini. Akanunua kipanya kipya chenye waya, akakalia kiti cha kaka yake. Droo ilikuwa imejaa mno, haikuingia yote. Ilibaki imetokeza chini ya meza, ikichezacheza kwenye kufuli lake.

Hapo ndipo mshale wa kompyuta ulipoingiwa na wazimu. Ambakisye akiinama kulisafisha jicho la marehemu kwenye picha, mshale unaruka hadi pembeni ya kioo. Akiurudisha, unajibonyeza wenyewe, uso unakatika nusu. Alikipangusa kipanya, akabadilisha kitambaa alichokiwekea, akaizima kompyuta na kuiwasha tena, akanunua kipanya kingine. Fundi aliitwa, akajaribu akiwa amesimama, mshale ukatulia tuli. Akasema mashine ni nzima, akaenda zake. Ambakisye alipokaa tu, ukaruka tena, na wafiwa wakaanza kunung'unika kwamba maiti zao zinadhalilishwa.

Lililomuuma zaidi ni kwamba Subilaga alipokaa pale, mshale haukuruka kamwe. Subilaga alikuwa mfupi, alizoea kukaa ukingoni mwa kiti, akinyoosha mikono ili aifikie meza. Ambakisye hakuliona hilo. Aliona tu kwamba kwake unaruka na kwa mwanamke unatulia, akaogopa, na woga ukageuka chuki. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaambia wazee wa ukoo, na wazee wakatikisa vichwa, maana methali ikishatajwa nani tena atauliza ushahidi? Wakasema mjane amelichezea duka kwa uchawi, kwa uchungu wa mumewe. Wakaamua arudi kwao na watoto wake.

Subilaga hakulia mbele yao. Alimfunga mtoto mgongoni, akampa mwingine mkono, na mlangoni akageuka.

"Shemeji, umetafuta kila mahali isipokuwa hapo ulipokaa."

Wazee walidhani anakililia kiti cha mumewe. Ambakisye naye alidhani hivyo, au alitaka kudhani hivyo.

Kwao Subilaga walikuwa maskini. Akaenda kuchuma chai kwenye mashamba ya watu, kapu mgongoni, mvua ya baridi ikimnyeshea asubuhi hadi jioni. Kifua kikambana, akajikaza, kwa kuwa watoto walikuwa wanakula kwa mikono yake. Mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta hai.

Kaka wa Subilaga alifika dukani akiwa na picha ndogo ya dada yake siku ya harusi, akaiweka mezani, kwa sababu mjini pale hapakuwa na pengine pa kuipeleka. Ambakisye aliitia kwenye kompyuta. Alipoinama aisafishe, mshale ukaruka ukaupasua uso. Akarudia, ukaupasua tena. Akakiachia kipanya, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakunja goti kwa uchungu, na mshale ukakimbia juu ya uso wa marehemu bila mkono wa mtu.

Akachungulia chini ya meza. Katika upenyo wa droo palikuwa na mwanga mdogo mwekundu.

Kilikuwa kipanya cha Lusajo, betri yake bado hai. Kidude chake cha kupokelea, kidogo kama punje ya harage, hakikuwahi kuchomolewa nyuma ya kompyuta. Kila alipoinama, goti la Ambakisye lilisukuma droo iliyoshindwa kufungika, ile saa na ile kamera vikakisukuma kipanya, na mshale ukatii pande mbili. Si mchawi aliyekuwa ameushika. Alikuwa ameushika yeye mwenyewe, kwa mali ya yatima.

Mgeni wake alimwona ameinama, akadhani anaomboleza. Kisha Ambakisye alinyoosha mkono nyuma ya kompyuta, akakichomoa kile kidude, akakitia mfukoni, pale pale alipokuwa ameuweka ufunguo wa kufuli. Picha akaimaliza vizuri, kila unywele mahali pake, na kaka wa marehemu akamshukuru.

Tangu siku ile mshale umetulia, na mji mzima unamsifu kwa picha nzuri. Droo ingali na kufuli, na watoto wa Lusajo hawajaiona saa ya baba yao. Basi niambieni, ninyi mliosikia: pale dukani pametengenezwa nini?